Kifua cha Bujiku

Bhoke hakuweza kuchora tatuu bila muziki, na mwezi ule wa Julai alikuwa ameukinai muziki wote.

Kibanda chake cha mabati pale Segese kilikuwa kati ya fundi wa kuchomelea mageti na mama muuza chipsi. Wateja wake wengi walikuwa wachimbaji wadogo, vijana waliopata kidogo wakataka na mwili uonyeshe. Kabla hajawasha mashine alimuuliza mtu anataka nini, kisha akatafuta kwenye simu wimbo wa kuchorea. Singeli ilimpa miiba, seng'enge, ndimi za nyoka, vitu vya haraka vyenye ncha. Rumba ya zamani ilimpa maua na shingo za twiga. Majina ya marehemu aliyachorea kwaya, tena kwa sauti ndogo. Hakuona uganga wowote hapo. Mkono wake ulifuata ngoma tu, kama miguu ya watu wengine inavyofuata.

Lakini mwezi ule aliweka wimbo, akapiga mistari mitatu, akautoa. Akaweka mwingine, akautoa. Aliinuka, akachungulia barabarani, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Dada, acha basi hata mmoja uishe," mteja mmoja alilalamika akiwa amelala kifudifudi.

"Hakuna wimbo humu," Bhoke alimjibu, akaitupa simu mezani.

Aliyemtoa hapo alikuwa Theonest, mchimbaji wa Kihaya aliyekuja kuchorwa nge begani. Alipoona mchoraji hatulii alitoa simu yake mwenyewe. "Sikiliza hii. Nimeirekodi kwenye karasha moja ya kusagia mawe karibu na Kharumwa. Kuna mama anachekecha pale, akianza kuimba mpaka wenye mashine wanasogea."

Ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini. Nyuma mashine ya kusaga mawe ilinguruma, na juu ya ngurumo sauti ya mwanamke ilipanda kwa hatua fupi fupi, ikateleza ghafla, ikanyamaza kidogo, ikapanda tena. Aliimba Kisukuma. Theonest hakukijua, wala Bhoke, ambaye ni Mkurya wa Tarime. Lakini hata wimbo haujafika nusu, mkono wa Bhoke ulikuwa umeshaanza kwenda juu ya karatasi. Mistari mifupi ilipanda kama ngazi, ikamwagika kama maji, ikaacha pengo, ikapanda tena.

"Sitaki nge tena," alisema Theonest. "Nichore hiyo."

Baada ya mwezi mmoja Segese nzima ilikuwa inaiita "Kharumwa." Watu walikuja wamenyoosha mikono: nipige Kharumwa. Alikuwa ameshawachora zaidi ya arobaini. Waliochorwa waliipenda, ila yeye kuna kitu kilimkera. Wimbo ulikatika ghafla, na mchoro nao ukaning'inia pale pale, kwenye kiwiko cha huyu, kwenye shingo ya yule, kila mmoja bila mwisho. Alijaribu kuumalizia kwa kichwa chake, akapata urembo tu, kama kitambaa cha kochi. Akawa halali vizuri. Akiosha vyombo aliusikia. Akipanda pikipiki aliusikia, na kila mara ulimwacha mahali pale pale.

Ndipo akaja Bujiku.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, buti zimejaa vumbi la duara, yaani shimo alilokuwa akichimba. Alikaa kwenye benchi akisubiri zamu yake. Wimbo ulipoanza alivua kofia. Ulipokatika akasema, "Rudia." Bhoke akarudia. Mara ya tatu Bujiku alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

"Unakijua Kisukuma?" Bhoke aliuliza.

"Ndiyo lugha yangu."

"Anasema nini? Mimi naichora tu."

Bujiku alizungusha kofia mikononi. "Anamtukana mwanaume. Anasema: uliaga wiki mbili. Mtoto ameota meno, ameyang'oa, sasa anaota mengine. Anasema: kigoda chako wanalalia kuku." Akajifuta mdomo. "Sauti hiyo ni ya mke wangu. Huyo mwanaume ni mimi."

Bhoke alizima mashine.

Akamsimulia, bila kupamba. Walikuwa wakilima tumbaku Ushetu, yeye na mkewe Mbuke. Bei iliwavunja moyo mwaka mmoja, akasikia kuna rashi, dhahabu imeonekana mahali na watu wanakimbilia. Akaaga. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila shimo lilipokauka lilizuka jingine mbele kidogo. Miaka saba. Mtoto wao Kabula alimwacha hana hata jino.

"Kwa nini hukurudi?"

"Nirudi na nini mkononi? Nilikuwa nasema hili la mwisho, hili la mwisho." Alianza kufungua vifungo vya shati. "Nichore hapa kifuani. Wote mnaouvaa, mnavaa habari zangu. Mwenyewe niukose?"

Bhoke alimchora asubuhi nzima. Wimbo ulirudia na kurudia, na midomo ya Bujiku ilitembea nao neno kwa neno, hata sindano ilipopita juu ya mfupa. Mistari ilipanda kutoka ubavuni, ikamwagika, ikapanda, ikafika karibu na moyo. Hapo mkono ukasimama.

"Endelea," alisema Bujiku.

"Hapo ndipo ulipokatika."

"Haujaisha. Anasema 'na wewe,' halafu kimya. Na wewe nini?" Alikuwa ameinuka kwa viwiko, macho yamemtoka. "Hawezi kusema 'na wewe' akaishia hapo. Kuna kitu alikuwa ananiambia."

"Si uende ukamuulize? Kharumwa si Ulaya."

Bujiku alijilaza tena, akatazama mabati. "Nenda wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Bhoke alitaka kumwambia kwamba yeye si mshenga. Badala yake, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa juu ya pikipiki, jaketi limefungwa mpaka shingoni, anakula vumbi la njia ya Kharumwa. Hakujidanganya kwamba anakwenda kwa ajili ya Bujiku. Alikuwa anautaka mwisho wa ule wimbo kama mtu anavyotaka kupiga chafya.

Karasha aliikuta kwa kuulizia. Mashine tatu zilikuwa zikitafuna mawe chini ya turubai, na pembeni wanawake kama kumi, vitambaa vimefunga pua na mdomo, walichekecha mawe yaliyosagwa. Wote walikuwa weupe kwa vumbi. Aliuliza Mama Kabula ni yupi, wakamwonyesha mama mfupi, mabega mapana, chekeche imetulia mikononi mwake kama ungo wa mchele.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," alisema Bhoke, akitumia Kisukuma chote alichokuwa nacho.

"Marahaba. Ila shikamoo ya nini, mimi bado msichana." Wenzake wakacheka. Mbuke alishusha kitambaa, akamtazama michoro ya mikononi, kipini cha puani. "Umetokea wapi wewe?"

Bhoke hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye simu. Akaweka ule wimbo. Mbuke alisikiliza sauti yake ikitoka kwenye kile kidude, uso umekaza.

"Nani alinichukua sauti?"

"Mteja wangu. Alipita hapa."

"Akaomba?"

"Hapana, mama."

"Na wewe umeifanyia nini?"

Bhoke alikunja mkono wa jaketi. Siku moja alikuwa amejichora Kharumwa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa imepinda kidogo. Alieleza kwamba wapo wanaume zaidi ya arobaini Segese wenye mchoro kama ule. Mbuke alimkodolea macho. Kisha akawageukia wenzake, akasema maneno kwa Kisukuma, na wale wanawake kumi wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha chekeche. Mbuke mwenyewe alicheka akiwa ameinama, mikono magotini.

"Wanaume arobaini wanatembea na matusi yangu mwilini," alisema akijifuta machozi yaliyochora mifereji kwenye vumbi. "Na wamelipa!"

"Arobaini na kitu. Na mmoja," Bhoke alishusha mkono wa jaketi, "mmoja ni Bujiku."

Kicheko kilikwisha. Mashine ziliendelea kuguguna. Mbuke aliinama akaokota konzi ya mchanga, akauacha umwagike.

"Mzima?"

"Mzima. Amekonda."

"Amekutuma?"

"Anataka kujua wimbo unaishaje. Anasema pale mwishoni ulisema 'na wewe,' halafu ikakatika. Amekosa raha. Na mimi pia nimekosa raha, nisikufiche."

"Na wewe?" Mbuke alikunja uso akikumbuka. Kisha akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa namgombeza huyo hapo," alisema, akamnyooshea kidole kijana wa mashine. "Na wewe, punguza mawe, utatuua na vumbi! Si wimbo huo. Wimbo ulikuwa umeshamwacha Bujiku."

"Ukaenda wapi?"

Bhoke alitoa simu arekodi. "Weka hiyo mfukoni," alisema Mbuke. "Imenichukua mara moja, haitanichukua tena. Unasema mkono wako ndio unaosikia? Haya. Shika chekeche."

Bhoke alishika. Alidhani ni mchezo wa dakika kumi. Saa nne ilipita, saa sita ikapita, mabega yakawaka moto. Na katikati ya kazi ile Mbuke alianza kuimba, si kwa ajili yake, bali kwa sababu ndiyo saa aliyozoea kuimba. Hapo Bhoke akaelewa alichokosea siku zote hizo. Zile hatua fupi zilikuwa mtikiso wa chekeche. Kule kuteleza ni kumwaga. Na lile pengo, alilolichora dogo dogo kama pambo, ni pumzi ya mtu anayeinama kuchota tena. Halikuwa dogo. Mgongo wake mwenyewe ulimwambia urefu wake.

Walipokaa kula ugali, Mbuke alimweleza maneno kwa Kiswahili. Baada ya kigoda na kuku, wimbo ulimwacha mwanaume. Ulikwenda kwa mbuzi aliyemnunua akazaa mapacha. Ulikwenda kwa Kabula, anayehesabu mpaka mia na kurudi kinyumenyume. Ulikwenda kwenye jaruba la mpunga alilokodi bondeni alipohamia huku kutoka Ushetu, na maji yalivyoingia siku ya kwanza.

"Yeye harudi tena humo ndani?" Bhoke aliuliza.

"Sikumtoa kwa hasira. Niliimba mpaka nikakuta hayupo." Mbuke aliosha vidole. "Akikuuliza nilipo, mwambie. Sijajificha. Ila usimpakie ukaniletea kama mzigo. Ana miguu. Na mimi, akija, sijui nitasema nini. Mwambie na hilo."

Wakaandikiana namba za simu. Jioni Bhoke alirudi Segese, viganja vimetoka malengelenge.

Bujiku alikuwa kwenye benchi asubuhi iliyofuata, kabla kufuli halijafunguliwa. Bhoke alimweleza yote kama alivyoelezwa: kijana wa mashine, mbuzi, hesabu za Kabula, jaruba. Aliposikia habari ya "na wewe, punguza mawe," Bujiku alicheka kicheko kifupi kibaya, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Na mimi niko wapi?"

"Hupo."

"Hata kwa kutukanwa?"

"Hata kwa kutukanwa. Amesema hajajificha. Ukienda hajui atasema nini."

Bujiku alijilaza, akafungua shati. "Chora hivyo hivyo."

Siku hiyo Bhoke hakuweka muziki. Fundi wa jirani alikuwa anakata vyuma, chipsi zinachemka kwenye mafuta, na yeye mabega yalimuuma kila alipoinua mkono. Alifuata maumivu yale. Mistari ilitoka pale ilipoishia, ikapita juu ya moyo bila kusimama, ikamwagika, ikaacha pengo refu la ngozi tupu, ikapanda tena kuelekea bega la kulia na kutulia hapo kama maji yaliyofika kwenye mpunga. Alipomaliza alijua hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile, na hakufurahi alivyodhani angefurahi.

Bujiku alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Aligusa pengo kwa kidole, bila kukanyaga wino. Kisha akavaa shati, akaweka kofia, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akatoka.

Hakwenda mbali. Alikaa kwenye gogo mbele ya kijiwe cha pikipiki, begi lake miguuni. Bhoke alimhudumia mteja wa pili na wa tatu, na kila mara alichungulia mlangoni. Pikipiki ya Kharumwa ilipata abiria ikaondoka. Nyingine ikaja, dereva akaita, "Kharumwa! Kharumwa mmoja!" Bujiku alisimama, akaning'iniza begi begani, akakaa tena. Saa nane ikaja gari dogo la kwenda Geita. Ndani vijana walikuwa wamebeba sululu na magodoro, wanapiga kelele kwamba kuna rashi mpya, juzi tu mtu amekutana na mwamba wenye dhahabu. Bujiku aliinuka mara moja. Aliingia kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua, na mlango ukafungwa.

Bhoke alibaki amesimama na glovu mikononi. Alitamani amkimbilie, amrushie jiwe. Akarudi ndani, akazunguka kibanda mara mbili, akatoka nyuma, akampigia simu Mbuke.

"Amepanda gari la Geita," alisema.

Mashine zilisikika zikiguguna upande wa pili.

"Umemchora vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Haya." Akakohoa vumbi. "Mwambie, kama utamwona tena." Akasita. "Hapana, usimwambie kitu. Kabula huyo anatoka shule, ngoja nimpakulie."

Simu ikakatika.