Majokofu Arobaini Pipani

Tak. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Swichi kuu ilikata, na jokofu langu dogo likanyamaza. Humo mna chupa zangu za insulini, za mwezi mzima.

Umeme wangu hupitia nyumba ya shemeji yangu Bushiri, mdogo wa marehemu mume wangu. Ua wetu ni mmoja, hapa Ruaruke, lakini tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, hajanipa salamu, nami sijakanyaga kwake. Safari hii alikuja na koleo mkononi.

"Leo nakata waya, shemeji. Jokofu lako linanguruma usiku kucha, linakula umeme wote. Kila nikichemsha maji ya kuoga, tak."

"Dawa yangu itaharibika, Bushiri."

"Hamia nayo Kibiti."

Nyuma yake alisimama mkewe, Nasra, na bakuli la maji ya mtungini kalifunika kwa kanga. Kila umeme ukikatika huniletea maji hayo nitumbukize chupa zangu, wala hajapata kulitangaza.

Mjukuu wangu Rukaiya, anayesomea ufundi wa umeme Kibiti, alikuwa kalala kwangu. Akatoka na kipimo chake.

"Mume wangu," akamwambia Bushiri, maana kwetu mjukuu na babu ni watani, "tupime kwanza. Kosa likiwa la bibi, waya nitaukata mimi."

"Mke mwenye mdomo kama huo simtaki," alisema Bushiri, ila koleo alilishusha. Mtani hakasirikiwi mbele za watu. Akapandisha swichi, na kulikuwa na giza bado, akamshikia tochi. Hilo nililiona.

Rukaiya alipima jokofu. "Volti mia mbili, ampea nusu. Zidisha, wati hazipiti mia."

Akaenda bafuni. Ndani ya pipa la maji Bushiri alikuwa katumbukiza hita mbili, kila moja na soketi yake, ili maji yawahi. Rukaiya akazipima pamoja, akaandika sakafuni kwa mkaa.

"Volti mia mbili, ampea ishirini. Zidisha, wati elfu nne. Gawanya volti kwa ampea, ukinzani ni omu kumi tu, ndiyo maana umeme unapita kwa fujo. Na swichi yako mwisho wake ampea kumi na sita."

"Hita zangu hazina kelele."

"Kelele si ulaji, mume wangu. Pipa lako lina majokofu arobaini."

Nasra aliziba mdomo kwa kanga.

"Chomoa jokofu tuone," Bushiri alisema kwa ukali.

Nikalichomoa, chupa zangu nikazitia kwenye bakuli la Nasra. Tukasubiri dakika chache. Tak.

"Hita moja peke yake ina omu ishirini," Rukaiya alisema, "inapitisha ampea kumi. Swichi itaimudu pamoja na jokofu. Maji yatachelewa tu."

"Nani wa kuyasubiri?"

"Amka mapema."

Bushiri aliliangalia bakuli mikononi mwa mkewe, chupa zangu zikielea ndani. Akaing'oa hita moja, akaitupa pembeni, akaenda kupandisha swichi. Nilipochomeka jokofu, likaanza kunguruma.

"Ikikata tena, nakuja na koleo," aliniambia, akapita bila kuniangalia.

Nasra alibaki mlangoni. Alisema kwa sauti ya kutosha mumewe asikie:

"Da Semeni, kwetu unakujua. Kesho uje. Usiache mwezi ukapita tena."