Boila la Watu Tisa

Boila letu la kupashia maji ya kuoga lilikufa katikati ya Novemba, na mimi sikulilia. Lilikuwa limezeeka, linanguruma kama ng'ombe anayeumwa tumbo, na tulikuwa nalo tangu Fintan aliponioa. Kilichonikera ni wakati liliochagua. Mama mkwe wangu, Philomena, alikuwa kwetu tangu Agosti, alipovunjika nyonga, na bado hakuwa ameamua kama atabaki. Masista wa nyumba ya wazee huko mjini Tuam walikuwa wamemwekea chumba hadi Krismasi. Alikiomba mwenyewe, bila kutuuliza.

Mimi nilitaka abaki. Nasema wazi kwa sababu huku kwetu watu hawasemi mambo kama haya, wanakuuliza habari za mvua. Mwanamke huyu alinilelea watoto sita nilipokuwa zamu za usiku hospitalini, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Tatizo lake ni kwamba halalamiki. Ukimpa chai iliyopoa, hakuna neno. Ukimkalisha penye upepo, hakuna neno. Wengi wetu tuko hivyo, lakini yeye amebobea. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na miezi mitatu kwetu na bado anaomba ruhusa kabla ya kufungua friji.

Jarlath, fundi bomba, alikuja siku ya pili. Nilimpa chai na mkate wa soda, tukazungumza mpira mpaka chai ikaisha, kwa sababu fundi anayeanza na kazi moja kwa moja hana adabu. Nilipomjazia kikombe cha pili ndipo akageukia shida yetu.

"Hapa ni kuchagua tu," alisema. "Kuna boila la tangi, na kuna la papo kwa papo. La tangi linapasha maji na kuyaweka yakusubiri. La papo kwa papo halina tangi. Unafungua bomba, linawaka, linapasha maji yanavyopita. Dogo, safi, siku hizi kila mtu analitaka."

"Hilo ndilo letu," Fintan akadakia. "Malachy analo kule mjini Galway. Na lile kabati la tangi, nitaweka fimbo zangu za kuvulia samaki."

Malachy ni mdogo wake. Nikauliza, "Nyumbani kwa Malachy wako wangapi?"

"Wawili na paka."

"Na paka anaoga?"

Jarlath akacheka ndani ya kikombe. Fintan akamgeukia mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni ya jiko. "Mama, wewe unasemaje?"

"Chochote mtakachochagua, mwanangu. Kwangu hakuna neno."

"Umeona? Mama amekubali."

"Hajakubali," nikasema. "Amekujibu tu."

Jarlath naye ana mama wa namna hiyo nyumbani, kwa hiyo alijua pa kuishia. Alivaa koti lake. "Fikirini mpaka Jumatatu," alisema. "Na mkitaka kulijua boila, msiniulize mimi ninayeliuza. Kaogeni kwa mwenye nalo."

Hata angekaa kimya tungekwenda, maana nyumba haikuwa na maji ya moto. Jumamosi tulijaza magari mawili, watoto na mataulo, tukaenda Galway kwa shemeji. Mama akaingia bafuni wa kwanza. Mimi nilisimama nje ya mlango na taulo kwa ajili ya ile nyonga yake. Jikoni mke wa Malachy akaanza kuosha vyombo. Ghorofani, mwanangu Enda akaanza kunyoa ndevu zake tatu.

Nikasikia maji ya bafuni yanapungua sauti. Halafu nikamsikia Mama akivuta pumzi, kama mtu anayeingia baharini mwezi wa tatu, wakati huku kwetu maji bado ni ya baridi kali.

"Mama, maji vipi?"

"Hakuna neno, mwanangu."

Mimi ni muuguzi, mlango hauniogopeshi. Nikaingia. Alikuwa amesimama kwa mguu mzima, mkono mmoja ukutani, anatetemeka, na juu yake unadondoka mchirizi mwembamba wa maji baridi. Nikafunga bomba, nikamfunika.

"Mama, haya ni barafu."

"Wanaosha vyombo. Siwezi kuwakatiza."

"Na kwetu? Hata kabla boila halijafa, yalikuwa hivihivi?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Watoto wana shule. Mimi naoga mwisho. Huwa kunabaki kitu kidogo."

Tangu Agosti. Kila asubuhi nilimuuliza kama maji yalikuwa ya moto, na kila asubuhi alinijibu neno lake lilelile. Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi kidogo, na wengine wote sana.

Njiani kurudi mvua ilikuwa inanyesha na Mama alikuwa anatazama dirishani. "Nyumba yenu ni nzuri, Attracta," akasema. "Lakini mko wengi. Kwa masista nitakuwa na bafu langu, sitasumbua mtu. Krismasi ikifika nitakwenda." Fintan akaendelea kuendesha. Mimi nilikuwa nimeshaamua.

Tulipofika, Mama alipokwenda kulala, Fintan akaanza kujitetea hata kabla sijamshtaki.

"Aliniambia maji yalikuwa mazuri."

"Fintan, mama yako angesema hakuna neno hata paa likiwaka moto juu ya kichwa chake. Achana na anachosema. Midomo yake ilikuwa rangi gani?"

Fintan si mtu mbaya, ni mzito tu, lakini kikishamfika kimemfika. "Buluu," akasema. Halafu akauliza, "Na fimbo zangu?"

"Chini ya kitanda. Upande wako."

Jumatatu nilimpigia Jarlath mwenyewe. Nikamwambia papo kwa papo ni zuri kwa wawili na paka, kwa sababu wawili hawagombanii bomba. Sisi tuko tisa, mabafu matatu, na Jumapili sote tunaoga kwa wakati mmoja kabla ya misa ya saa tano. Nilitaka tangi, kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, na pampu ya kusukuma maji kwenye mabafu yote matatu kwa nguvu ileile.

"Litajaza kabati lote," akasema.

"Lijaze."

"Una uhakika? Sitaki kulifunga halafu uniambie niling'oe."

"Jarlath, nimezaa sita. Maji ya kuoga nayajua kuliko wewe."

Akalifunga kabla ya Krismasi. Jumapili ya kwanza niliwapanga watu wangu kama jeshi. Wasichana bafu la juu. Fintan bafu letu. Enda nilimpa sufuria la nyama ya kuchoma aoshe jikoni, bomba wazi. Wote walipokuwa wameanza, nikamfungulia Mama mlango wa bafu la chini.

"Nitasubiri watoto wamalize," akasema.

"Hakuna kusubiri. Ingia."

Akaingia. Mimi nikabaki ukumbini. Kuhusu tangi nilikuwa na uhakika, kama ninavyojua jina langu. Kuhusu yeye sikuwa nao. Nikasikia maji yakifunguliwa na kumwagika kwa nguvu, kisha sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ndani ya nyumba ile.

"Attracta. Nani ameyaweka maji haya? Mnataka nioge au nichemke?"

Fintan akatoka mbio, taulo kiunoni, povu kichwani. "Kuna nini? Ameungua?"

"Analalamika," nikamwambia.

Akasimama palepale anadondosha maji kwenye zulia langu, anasikiliza. Mama alikuwa hajamaliza. Taulo la nyumba hii ni gumu kama turubai. Dirisha linaingiza upepo na hakuna mwanamume wa kuliziba. Na ni msichana gani, angependa kujua, anayeacha nywele kwenye tundu la maji kila siku ya Mungu? Fintan akaegemea ukuta na kujipangusa macho, akasingizia sabuni.

Niliingia kumpunguzia moto. Akanipiga mkono. "Yaache. Nimeshayazoea." Akabaki humo mpaka wasichana walipokuwa wameshavaa viatu.

Alipotoka alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini nimfunge kamba za viatu, akanitazama nikiwa nimeinama.

"Kile chumba cha Tuam," akasema. "Mpigie sista, ampe mwingine. Siendi kuoga kwa watu."

"Nitampigia tukitoka misani, Mama."

"Mpigie sasa hivi. Tukitoka misani nitakuwa nimeshaanza tena kuwaonea haya."

Nikapiga simu palepale, nimepiga magoti, kamba ya kiatu chake bado iko mkononi.