Honi ya Kwenye Kona

Jirani yetu, yule tunayemwita Mama Redio, anatangaza bombani kwamba mama yangu alisinzia akifua, mto ukabeba mashuka ya meli, naye ametulia anayatazama kama yuko sinema. Mama Redio hakuwepo. Mimi nilikuwepo, tena ndani ya meli yenyewe, natandika vitanda vya wageni.

Ni meli ndogo ya kutembeza watalii mtoni. Mama ndiye anayeifulia mashuka, kwenye mawe ya pale kwenye kona. Kila siku, kabla ya kona, nahodha hupiga honi. Mama huvuta nguo juu, meli hupita, wimbi hupiga mawe matupu.

Siku ile muongoza watalii alimwambia nahodha, "Kaka, leo honi acha. Utanifukuzia ndege."

"Na bibi wa mashuka?"

"Kwani hana macho?"

Wakacheka. Nikatupa foronya, nikakimbilia dirishani. Mama alikuwa ameipa meli mgongo, anasuuza. Nikamwita, injini ikaimeza sauti yangu. Wimbi likapanda mawe, likazoa kila kitu. Mama akaingia majini hadi kifuani, akaambulia shuka moja. Wageni wakampiga picha. Mmoja akampungia mkono, eti salamu.

Jioni meneja akaniita. "Mwambie mama apumzike sasa, umri umekwenda. Kuanzia kesho kazi tutampa mtu mwingine." Alisema kwa upole, kama anayetoa zawadi. Nikamwambia honi haikulia. Akasema nahodha hajamwambia hivyo.

Mama hajarudisha hata foronya moja yenye doa, leo ndiye mzee wa kusinzia!

Nikamfuata nahodha gatini, anafunga kamba. Shati lake jeupe lilinyooka vizuri. Mama hulifua pamoja na mashuka na kulipiga pasi, kwa sababu anamwita "mwanangu".

"Kaka, meneja bado yuko ofisini. Twende ukamwambie hukupiga honi."

"Dada, hayo ni mambo ya kazi."

"Ndiyo. Kazi ya mama."

Akainama, akakaza fundo ambalo lilikuwa limeshakazwa.

"Sisemi umtaje mwenzako," nikasema. "Sema tu honi haikulia. Nitasimama hapo hapo ubavuni kwako. Twende, kaka."

Akahamia kamba ya pili.