Kikombe cha Nyiramahirwe

Mgeni alikuwa ameshasimama mlangoni kabla Charline hajasikia hatua zake. Mzee mrefu, suruali imejaa vumbi jeusi la volkano hadi magotini, na mkononi ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge. Charline alitazama kile kitu kwanza, uso baadaye. Siku hizi Goma watu hutazama mikono kwanza.

"Ni wewe mutoto wa iniversite, ule anasoma magonjwa ya mimea?"

Angependa kusema si yeye. "Ni mimi, Papa."

Mzee alikifungua kitenge. Ndani mlikuwa na kipande cha shina la mgomba, na penye mkato palikuwa pakichuruzika ute wa njano, mzito kama usaha. Charline alishusha pumzi. Ugonjwa huu aliujua. Mtihani wake ulikuwa unakaribia.

"Naitwa Munyakazi. Kwetu, huku juu ya Ndosho, banasema hii ni karuho, sumu ya mukono wa mutu. Banasema dada yangu Nyiramahirwe anatia watu sumu hadi kwenye migomba. Yeye anapika kasiksi, pombe ya ndizi, anaenda kukata ndizi kwa majirani. Kila shamba anaingia, linakauka. Leo saa kumi banakutana kwake." Alianza kukifunga tena kitenge. "Beko na bidon ya esansi, banataka kumuchoma."

"Papa, hii haiko sumu. Ni bakteria."

"Useme wewe. Mimi niko kaka yake tu, nani atanisikia?" Kisha akamkazia macho. "Na kama banakuambia, basi kunywa pombe yake, utakunywa?"

Charline alicheka kidogo, ili hofu isionekane. Mama yake, kule Butembo, alimfundisha tangu utotoni: usinywe kwa watu usiowajua, na hata kwa unaowajua, subiri mwenye nyumba aonje kwanza. Tena alikuwa mwanakwaya, na kanisa lao halinywi pombe.

"Nitakunywa, Papa," alisema, kama mtu anavyomwambia mtoto kwamba sindano haiumi.

Nje, Luc alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake. Luc aliimba besi katika kwaya ileile, na ndiye aliyemwonyesha mzee mlango. "Ee, soprano! Nimekuletea kazi. Tukianguka, lia kwa sauti nzuri."

Walipanda watatu. Njiani hakuna aliyecheka.

Migomba ilisimama na majani yaliyolegea kama miavuli iliyovunjika. Ndizi changa zilikuwa zimegeuka njano kabla ya kukomaa. Uani kwa Nyiramahirwe watu walikuwa wamejaa, na miguuni mwa mwanamume mmoja aliyeitwa Evariste palikuwa na bidon, dumu la petroli. Mwenyewe alikaa kwenye kizingiti, macho chini, panga lake kando.

Charline aliinama kulitazama lile panga. Ute mkavu ulikuwa umeganda kwenye makali. Kumbe watu hawakukosea hesabu yao: kila shamba aliloingia mama huyu lilikauka kweli, kwa sababu ugonjwa ulisafiri na panga lake. Akisema hivyo, watasikia neno moja tu: ni yeye. Akinyamaza, ugonjwa utaingia shamba lingine, na bidon itarudi.

"Nani ana mupanga hapa?" aliuliza. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Muweke chini tuone."

Waliweka. Kwenye karibu kila panga palikuwa na ute uleule.

"Huu ni wa nani?" Charline aliuliza, akinyooshea kidole panga moja.

"Wangu," Evariste alisema.

"Na nani mwingine anautumia?"

"Heee, nani hautumii?" mwanamke mmoja alidakia. "Mupanga wa Evariste unalala kwa nyumba za watu kuliko yeye!"

Kulikuwa na kicheko kidogo, kikafa haraka. Ndivyo walivyoishi: anayekwenda kukata ndizi huazima panga kwenye mlango wa kwanza.

"Ugonjwa uko ndani ya maji haya ya mgomba," Charline alisema. "Unapanda mupanga wowote. Wa mama huyu, wako, wa jirani. Nyuki pia banaubeba kutoka ua hadi ua. Kabla ya kila mgomba, mupanga upite kwenye moto. Mgomba mugonjwa ukatwe chini kabisa." Aliliokota panga la Nyiramahirwe, akalipitisha juu ya moto wa mafiga mpaka ute ukanuka na kuungua.

"Maneno ya kitabu," Evariste alisema. "Shamba langu limekufa. Kama haiko sumu, kunywa."

Nyiramahirwe aliinuka kwa mara ya kwanza. Alichota kasiksi, akapeleka kikombe mdomoni aonje, kama desturi.

"Hapana! Yeye iko na dawa ya kuzuia sumu tumboni. Mutoto aanze," Evariste alisema.

Kikombe kilibaki hewani. Luc alimsogelea Charline, akanong'ona, "Dada, Jumapili bataniuliza kanisani. Mimi sitadanganya." Bila shaka wangemtoa kwenye kwaya, yeye aliyefanyia mazoezi wimbo wa Pasaka tangu Januari.

Lakini si kwaya iliyomzuia. Bakteria wa migomba hawamdhuru mtu. Kwenye mtihani angeliandika hilo bila kufikiri. Ila Charline hakumjua mama huyu, wala kilichomo kwenye kikombe chake. Alitazama upande wa Munyakazi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, wala hakumkumbusha ahadi yake.

Charline alipokea kikombe kwa mikono miwili. Kasiksi ilikuwa na utamu mwanzoni, na uchungu wa moshi nyuma yake. Alikunywa mpaka chini, akakigeuza kikombe waone.

Walimtazama, wakingoja aanguke. Charline aliketi kwenye kizingiti, bega kwa bega na Nyiramahirwe, akangoja pamoja nao.

Baada ya kitambo Evariste aliokota panga lake. Aliiacha bidon pale ilipokuwa, akaenda nalo kwenye moto wa mafiga.