Vigae Saba vya Gonja

Chai ilipoa hadi ikaota utando, na Priska bado alikuwa analitazama neno moja kwenye simu yake. Kosa. Msimamizi wake wa tasnifu, Daktari Clemence, alikuwa amemtumia slaidi ya mwisho ya kuwasilisha asubuhi ile katika ukumbi wa Same mjini, na aliiandika hivi: "Nakshi ya kucha ilipotea kwa kosa la kunakili." Chini yake alimwekea Priska ujumbe wa kwake peke yake: "Isome kama ilivyo. Ukichanganya na hadithi za bibi yako, tafuta mtu mwingine wa kukusainia."

Miaka mitatu ya kuchimba, kuosha vigae vya vyungu vya kale na kuvipa namba, yote ilining'inia kwenye sahihi ya mtu mmoja. Priska alikisukuma kikombe kando. Alikuwa na hasira, na hasira ya asubuhi na mapema ni mbaya, kwa sababu siku nzima bado iko mbele yake.

Tusimsingizie, lakini. Nadharia ya mageuko hakuichukia, aliipenda kuliko Clemence mwenyewe. Yule Mwingereza mwenye ndevu aliwatazama ndege na kobe, akaona kwamba viumbe hurithi, hutofautiana kidogo kidogo, na zile tofauti zinazofaa hubaki. Waliokuja baada yake wakasema hata ufundi uko hivyo. Mama hufinyanga, binti huiga, na katika kuiga hutokea tofauti. Moja hupendwa ikaenea, nyingine hufa na aliyeianzisha. Ukivipanga vigae kwa umri wake, unausoma ukoo wa vyungu kama unavyousoma ukoo wa watu. Siku Priska alipoielewa hoja hiyo hakulala vizuri kwa furaha, maana aliona kwamba uwanja wa kufinyangia wa bibi yake kule Gonja, uliojaa vigae vya kizazi juu ya kizazi, ulikuwa maktaba.

Alivitoa humo vigae mia tatu na kumi na vinane. Vya chini, vya zamani, vyote vilikuwa na mstari wa alama za kucha chini ya mdomo wa chungu. Vya juu havikuwa na kitu, shingo tupu. Katikati vilikuwepo vigae saba vyenye alama hafifu, za nusunusu, ambazo ukivigeuza kwenye mwanga unaziona na ukivigeuza tena huzioni. Clemence alivishangilia hivyo saba kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Haya ndiyo makosa yenyewe, tumeyakamata njiani," alisema. "Binti aliiga vibaya, mjukuu akaiga kilichoigwa vibaya, nakshi ikachujuka mpaka ikaisha. Hakuna aliyeamua chochote. Utamaduni haukusubiri ruhusa ya mtu."

Priska alijua kuna kitu hakikai sawa, kwa sababu yeye mwenyewe alipitia kwenye mikono ya wanawake wa uwanja ule. Alipokuwa na miaka tisa alifinyanga chungu chake cha kwanza. Kwao chungu huanza na mdomo. Unainua kuta, unalainisha shingo, unakiacha kikauke kidogo, kisha unakipindua na kukifunga kitako. Shingo yake ilipinda kidogo sana, upana wa punje ya ulezi. Bibi yake, Nakijwa, alikizungusha mara moja, akakibonda kwa kiganja, akalirudisha donge kwenye udongo mwingine. Priska alilia hadi jioni. Alikuja kujua baadaye kwamba hiyo ndiyo sheria ya uwanja ule. Kazi ya mwanafunzi haiendi motoni hadi ifanane na ya mwalimu. Udongo uwahi ungali maji, ndivyo walivyosema, na waliuwahi kweli.

Sasa kosa litapitaje kwa wanawake hao, hadi liokwe na kudumu? Alimwuliza Clemence hivyo. Clemence akajibu kwamba wazee wote husema zamani kazi ilikuwa nzuri.

Kisha kulikuwa na habari ya Bibi Nakijwa mwenyewe. Zamani, alisema bibi, mstari wa kucha ulikuwa alama ya vyungu vya boma. Kila mfinyanzi alitoa vyungu kwa mkubwa wa eneo, na ili visichanganyike na vingine vikatiwa kucha, halafu mazoea yakatawala na vyote vikatiwa. Ukaja mwaka wa mbiru, Wapare waliposhuka Same kwa maelfu kuikataa kodi mpya. Mama yake Nakijwa hakuweza kushuka, alikuwa na mimba kubwa. Akasema hata mimi nina cha kukataa. Tangu siku hiyo chungu cha uwanja ule hakikutiwa kucha tena. Shingo tupu haikuwa upungufu. Ilikuwa jibu.

"Bibi yako alikuwa na umri gani?" aliuliza Clemence.

"Minne, anaingia mitano."

"Basi." Akafunga kompyuta.

Saa tatu ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwepo watu wa halmashauri, wageni wawili wa mradi, walimu, na wafinyanzi sita wa Gonja walioalikwa kuonyesha kazi yao nje baada ya hotuba. Bibi Nakijwa, mwenye miaka themanini na minne, alikaa mstari wa mbele, na mapajani alikuwa na kitu kilichofungwa kitambaa chenye maji. Alikipakata hivyo kwenye basi tangu alfajiri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Uso wako umevimba. Umelia?"

"Sijalia. Nimekasirika."

"Afadhali," alisema bibi. "Kulia kunachosha."

Priska alipanda jukwaani. Alieleza uchimbaji, akaeleza mageuko kwa mfano wa mbegu za mahindi ambazo mkulima huchagua gunzi hili na kuliacha lile, na watu wakatikisa vichwa kwa kuelewa, kwani nani pale hakuwahi kuchagua mbegu. Alionyesha picha za vigae. Halafu ikafunguka slaidi ya mwisho, na lile neno likatokea ukutani, kubwa kama mlango.

Akaisoma nusu. "Nakshi ya kucha ilipotea kwa..." Kwenye kiti chake Clemence aliinua kichwa.

"Siwezi kuisoma hii," Priska akasema. "Sentensi hii si yangu na siiamini. Mimi naamini mageuko. Lakini katika mageuko kuna kuchagua, na kwenye uwanja ule waliokuwa wanachagua ni wanawake wenye macho. Waliobonda chungu changu kwa kupinda upana wa ulezi hawangeacha mstari mzima uwaponyoke. Nakshi hii haikupotea. Iliondolewa."

Minong'ono ikapita ukumbini. Clemence alisimama, akatabasamu kwa wageni kwanza, ndipo akamgeukia yeye.

"Mwanafunzi wangu ana mapenzi na nyumbani kwao, si vibaya," alisema. "Lakini sayansi inauliza ushahidi. Kama iliondolewa kwa uamuzi, ingekatika siku moja. Vile vigae saba vyenye alama zilizochujuka vinatoka wapi? Tujibu hilo tu, Priska."

Miaka mitatu alikuwa akihangaika na vigae hivyo saba bila kuvielewa. Aliwatazama wafinyanzi, akamtazama bibi yake, akaona vidole vyake vya uzee vimekishika kile kitambaa chenye maji. Ndipo aibu ikamshika, aibu ya msomi. Siku zote alikuwa amemwuliza bibi kwa nini. Hakuwahi kumwuliza namna gani.

"Bibi," alisema, na kipaza sauti kikalibeba neno hilo hadi nje. "Siku ile mama yako alipokataa, alifanyaje? Kwa mkono."

Bibi Nakijwa alimwangalia kama mtu aliyeulizwa maji yanachotwaje. "Si alifuta."

"Alifuta nini?"

"Vyungu vilivyokuwa uwanjani. Vilikuwa vimeshatiwa kucha, vinangoja kupinduliwa. Udongo wa Gonja tunaubeba kichwani kutoka mtoni, nani atautupa? Alivifuta." Akaanza kufungua kitambaa. "Njoo hapa, mwalimu. Ndiyo, wewe mwanangu mwenye tai. Nitie kucha hapa."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na chungu kibichi, mdomo na shingo tu, kitako bado. Clemence alisita. Watu wote walikuwa wanamtazama, mmoja wa wageni akiwa na simu juu, na msomi haogopi kitu kama kuonekana anaogopa udongo. Akashuka, akainama, akabonyeza ukucha wa kidole gumba kuzunguka shingo, alama baada ya alama. Zilikwenda upande. Mfinyanzi mmoja nyuma alicheka.

Bibi Nakijwa alichovya kiganja kwenye kikopo cha maji. Akakizungusha chungu kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akapitisha kiganja shingoni, mara moja, bila kuinua mkono.

"Hivyo," alisema. "Nilikuwa nimekaa karibu na mguu wake. Alikuwa anahema kwa ajili ya tumbo, na kila chungu alikipitisha mara moja. Kesho yake vilivyofuata havikutiwa kabisa."

Priska alikuwa ameshashuka na boksi la vigae. Alikitoa kigae namba mia na arobaini na mbili, kimoja katika vile saba, akakisogeza karibu na shingo ya chungu kile, akawasha tochi ya simu kwa ubavu. Kwenye udongo mbichi, chini ya ulaini wa kiganja, alama za kucha za Clemence bado zilionekana kwa mbali, zimelala upande mmoja, zimejaa nusu. Kwenye kigae zilikuwa hivyohivyo. Hata michirizi myembamba ya ngozi ya kiganja ilipita juu ya alama, si chini yake. Aliitwa mgeni mwenye simu akapiga picha, simu ikaunganishwa kwenye projekta, na ukumbi mzima ukaona mikono miwili iliyopishana miaka themanini ikifanya jambo moja.

"Anayekosea kuiga hufanya alama mbaya," Priska alisema. "Hizi zilifanywa vizuri, zikafutwa. Siyo vizazi saba vya makosa, Daktari. Ni vyungu vya asubuhi moja."

Clemence aliinama juu ya kigae kwa muda mrefu. Alikuwa bado na udongo chini ya ukucha. Aliponyanyuka hakutazama wageni wala Priska.

Priska alirudi kwenye kompyuta. Mbele ya macho ya wote alilifuta neno kosa, akafuta na maneno ya kunakili, akaandika upya polepole, herufi zikitokea ukutani moja moja: "Nakshi ya kucha ilikataliwa, na mama yake Nakijwa, Gonja, mwaka wa mbiru."

"Mama yangu alikuwa na jina," Bibi Nakijwa alisema kutoka mstari wa mbele. "Nanzia."

Akaandika Nanzia.

"Hiyo haijapata sahihi yangu," alisema Clemence kwa sauti ya chini, karibu na jukwaa.

"Najua," Priska akasema, akabonyeza kuhifadhi.

Bibi Nakijwa alikuwa ameshaanza kufunga kitambaa chake. Aliwaomba watu wampishe, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na chungu chake bado hakijafungwa kitako.