Dawa ya Shingo

Paka anayekula sana na kukonda ana minyoo. Ndivyo nilivyomwambia mama mkwe wangu, Damaris, mwezi wa pili, nikiwa nimesimama mlangoni pake Mbita, viatu sijavua. Nina stashahada ya afya ya mifugo na nimetibu ng'ombe wa Awendo miaka kumi na minane. Sikumshika hata yule paka. Niliacha vidonge vya minyoo mezani nikaondoka.

Mwezi wa nne paka alikuwa amekonda zaidi. Meneja alikuwa dume la kijivu la miaka kumi na minne. Jina alipewa na marehemu baba mkwe, kwa sababu hakuna gunia la omena, dagaa wa ziwani, lililoingia nyumba ile kabla hajalikagua. Sasa alimaliza sahani, akalia, akamaliza nyingine, akalia tena. Alikunywa maji kama ndama. Uti wa mgongo ulikuwa kama msumeno, na yeye aliyezoea kulala kutwa alizunguka chumba bila kutulia, macho yamemtoka. Majirani walishaanza kusema kwamba kitu kinachokula bila kunenepa kinamlisha mwingine asiyeonekana. Mama alinisimulia hayo huku akicheka, lakini dirisha la upande wao alikuwa amelifunga.

Paka yule hakuwa paka tu. Baba mkwe alipofariki, mume wangu Joash na ndugu zake walitaka mama yao ahamie kwetu Awendo. Alikataa. Alisema mjane hafungi nyumba ya mumewe akaenda kukaa kwa mkaza mwana. Walibishana hadi Joash akachoka, akasema sawa, Mama, kaa, maadamu una mtu wa kumpikia. Mama akamwonyesha paka. Wanawe walicheka. Yeye hakucheka, kwake huo ulikuwa mkataba. Meneja akifa, nyumba inafungwa.

Safari hii nilimshika. Nilipitisha vidole kooni nikakuta kiuvimbe kama punje ya haragwe, kikiteleza chini ya ngozi. Nilipoweka kiganja ubavuni, moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani. Nikamtia kapuni, nikampeleka Homa Bay kwa Mochama, daktari wa mifugo tuliyesoma naye. Damu ilipelekwa Nairobi. Jibu lilirudi baada ya siku nne: tezi ya shingo ilikuwa inatoa homoni kupita kiasi, na mwili ulikuwa unajiunguza wenyewe. Ni ugonjwa wa paka wazee. Dawa inapatikana kwenye duka la dawa za watu, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, maisha yake yote. Baada ya wiki tatu damu ipimwe tena.

Niliporudi Mbita na vidonge, Mama alikuwa anageuza omena kwenye wavu. Kule Awendo kulikuwa na ng'ombe ameshindwa kuzaa na mwenyewe alikuwa ananipigia simu kila dakika. Mimi ni Mkuria. Dholuo yangu, lugha ya kina Mama, ni ya kununulia sukuma wiki sokoni. Mimi na Mama tunaongea Kiswahili, mimi changu cha shule, yeye chake cha kuuzia samaki.

"Ni tezi ya shingo, Mama," nikamwambia. "Ni kama wako tu."

Alijigusa kovu la shingoni. Miaka tisa nyuma alifanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingo, wakaiondoa tezi yote, na tangu hapo humeza kidonge kimoja kila asubuhi.

"Kama wangu," akasema.

"Ndiyo. Dawa kila siku, basi."

Sikukaa hata kunywa chai.

Wiki tatu zilipopita, Mochama alichukua damu tena. Homoni ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Aliniuliza kwa upole kama kweli paka anapewa dawa. Nilimpigia Mama nikiwa bado nimesimama kwa Mochama, na sikuwa na upole wowote. Nilimwambia kama hawezi kazi ya kumfungua paka mdomo aseme, tumtafute mtu.

"Nampa," akajibu. "Hata mimi najinyima, nampa yeye."

Nilidhani anasema samaki.

Mochama aliongeza kipimo. Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Mbita mwenyewe. Ilikuwa saa saba mchana, mabati yanalia kwa jua, na Mama alikuwa amevaa sweta, na juu ya sweta shuka. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho. Sauti ilikuwa inakwaruza na maneno yalimtoka moja moja, kama anayatoa kisimani. Alinisalimu akaniita Celestine, jina la mke wa shemeji yangu. Nikajirekebishia jina langu mwenyewe, Mama Liz, nikajiambia ni wasiwasi wa paka umemchosha, na umri. Omena zilikuwa zimenyeshewa kwenye wavu na hakuna aliyezianua.

Sikumtazama sana. Nilikuwa namtazama Meneja, aliyelala kifudifudi kwenye saruji akihema mdomo wazi. Paka hahemi hivyo. Nililala Mbita siku hiyo kwa sababu moja: nione nani ananidanganya.

Asubuhi Mama alimfungua paka mdomo akamtia nusu kidonge chake, vizuri kabisa, kama muuguzi. Kisha akachukua mkebe wake mwenyewe kwenye rafu. Akatoa kidonge chake, akakivunja kwa meno. Nusu akameza. Nusu akaisaga kwa kijiko, akaichanganya na samaki, akamwekea Meneja.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Dawa yetu."

"Hiyo ni yako."

"Si ulisema ni ile moja? Shingo yake, shingo yangu." Alipumzika kidogo. "Ile yake ndogo. Haimshiki. Hii yangu imenishika miaka tisa. Nikasema tugawane."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ulisema."

Nilikaa chini. Zilikuwa wiki nane. Dawa ya Mama inaleta homoni ambayo mwili wake hauna tena. Dawa ya Meneja inaizuia iliyomzidi. Jina la ugonjwa ni moja, shingo ni shingo, lakini mmoja anawaka na mwingine anazimika. Alikuwa anachomoa kuni kwenye jiko lake zinakohitajika na kuzipeleka kwenye nyumba inayoungua. Nilimweleza hivyo hivyo, polepole, kama nilivyopaswa kumweleza mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe nilikuwa namuua," akasema.

"Na wewe pia, Mama."

Alivuta shuka. "Usimwambie Joash. Watafunga nyumba."

Alipojaribu kusimama magoti yalikataa. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi kama samaki wa barafu. Nikatafuta gari la kukodi. Njia nzima kwenda Homa Bay alikumbatia kapu, na tulipofika mjini akasema hashuki hospitalini kabla Meneja hajafika kwa daktari. Nilikubali. Ilikuwa robo saa ambayo sikupaswa kuitoa. Mochama alisikiliza kifua cha paka muda mrefu, akasema atamlaza, ila kuhusu huo moyo haahidi kitu.

Hospitalini daktari kijana alimbonyeza Mama muundi, akamgonga goti kwa kinyundo, akasubiri mguu ushtuke. Ulichelewa. Aliniuliza nani humhesabia dawa nyumbani. Nikasema hakuna. Akaandika. Akasema mwili mzima umepoa, hadi moyo, na watu wa hali hii wanaweza kulala wasiamke. Tena akasema asikae peke yake.

Siku ya pili Mochama alipiga simu. Meneja amekula kidogo, amelala, moyo umepungua mbio. Niliingia wodini nikamwita Mama. Alifumbua macho nilipoita mara ya tatu.

"Meneja?"

Neno moja tu lingemaliza ubishi wote. Ningesema amekufa, angeaga nyumba yake, angekuja Awendo akahesabiwe vidonge kila asubuhi, na paka ningemtunza kwa Mochama asijue. Angeniamini. Katika miaka ishirini sijawahi kumficha jambo. Watu hulalamika kwamba nasema mno.

"Yuko hai," nikasema. "Amekula."

"Basi sihami."

"Mama, daktari amesema—"

"Sihami," akasema, na macho yakajifumba katikati ya neno.

Nilimshika kifundo cha mkono nikatazama saa ya ukutani. Dakika nzima. Mapigo arobaini na tatu, na ya kawaida huanzia sitini. Nilimwita jina. Nikahesabu tena, nikibonyeza zaidi, labda nimekosea. Thelathini na tisa.

Nikainuka kumwita muuguzi.