Picha Iliyogeuziwa Ukutani

Fundi alifika kwenye ukumbi wa picha mapema, kabla wageni hawajaanza kuingia, akiwa amevaa shati lile lile alilolivaa siku ya kumzika binti yake. Njia nzima alikuwa akijisemesha kimoyomoyo: leo utamtazama. Utasimama mbele yake na utamtazama, hata moyo ukipasuka, na upasuke.

Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, kazi aliyoanza kabla hajaoa, na binti yake akatokea kuwa mchoraji. Walitaniana sana kwa hilo.

"Sisi kazi yetu ni moja, mama," alikuwa akimwambia, maana alimpa jina la mama yake mzazi na hakuwahi kumwita vingine. "Tofauti ni kwamba mimi nikikosea, mwenye nyumba ananifukuza. Wewe ukikosea, watu wanapiga makofi."

"Basi na wewe jaribu kukosea siku moja, baba, uone raha yake."

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyumba ya vyumba viwili iliyoelekea bahari. Chumvi ilikuwa ikila bawaba za madirisha, na mchanga ulipenya chini ya mlango hata ufagie vipi. Wachoraji wanne waliugawana, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Bi Nukta, mwenye ukumbi, alichora kwa vitone; ukisogea karibu unaona vipele vya rangi tu, ukirudi nyuma unaona soko zima na kelele zake. Kamera, kijana mrefu asiye na utani, alichora kitu kama kilivyo, hadi uzi uliochomoka kwenye kola. Mzee Maji alitumia rangi nyepesi kama maji ya kuoshea glasi, hata ungedhani picha zake zimepulizwa juu ya kitambaa, hazikupakwa. Naye binti wa Fundi alipaka kwa kisu cha puti alichokiiba kwenye ndoo ya baba yake, akairundika rangi kama plasta.

"Huyu hachori," Mzee Maji alipenda kusema. "Huyu anajenga."

"Na wewe huchori, babu. Wewe unafua."

Wiki chache kabla ya kuugua, alimwambia baba yake, "Njoo uone. Nimejichora mwenyewe." Hakuwahi kuchora uso wa mtu kabla ya hapo. Fundi akamjibu, "Nikimaliza hili ghorofa, mama." Akamaliza ghorofa, likaja lingine. Kisha ikaja homa, homa ya siku chache tu, na baada ya hapo hakuna ghorofa lililokuwa na haraka tena.

Wenzake walipoamua kufanya maonyesho ya kumkumbuka, Fundi alisema kuta zimefubaa, asitafutwe mtu mwingine, atazipaka yeye. Siku hiyo alikuwa peke yake. Picha zote zilikuwa zimehamishiwa stoo isipokuwa moja, iliyobaki imesimama kwenye miguu yake ya mbao karibu na dirisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Fundi aliingia na ndoo, akainua kichwa, akakutana na macho ya mwanawe.

Hakuona kingine. Macho yalimtazama vile binti alivyokuwa akimtazama baba akichelewa kurudi nyumbani: bila hasira, yakingoja maelezo. Alijiinamia, akaishika picha pembeni, akaishusha kwenye kona na kuigeuzia ukutani. Isije ikarukiwa na rangi, alijiambia. Akapaka kuta zote, mkono wa kwanza na mkono wa pili, akaondoka bila kuigeuza tena.

Ndiyo maana leo alikuja mapema.

"Mmeitundika wapi?" alimwuliza Bi Nukta walipokwisha kusalimiana.

"Ipi, kaka?"

"Ile aliyojichora. Niliiacha pale konani, nimeigeuzia ukutani."

Bi Nukta alikuwa amebeba vikombe vya wageni. Aliviweka chini kimoja kimoja. "Wewe ndiye uliyeigeuza?"

"Nilihofia rangi."

Kamera aliacha kupigilia msumari. Mzee Maji, aliyekuwa akifuta fremu ya picha yake kwa kitambaa, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

"Mimi nilijua umeichukua nyumbani," Bi Nukta alisema. "Kaka yangu, hapa kwetu turubai za kuchorea hazipatikani hivi hivi. Mtu akishindwa na picha, anaigeuzia ukutani. Maana yake ameiacha. Mwenye kuhitaji kitambaa anachukua, anapaka nyeupe, anachora yake. Wala hatuulizani, maana anayeacha ana uchungu wake. Tumezoea hivyo tangu tuanze."

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakaishia kwa mzee.

"Sikuwa nimekanyaga hapa tangu mazishi," Mzee Maji alisema. "Niliporudi kuta zilikuwa mpya, nikaikuta imegeuzwa. Nikasema, kumbe mtoto aliiacha mwenyewe kabla hajaanguka. Hakuipenda. Nikataka kumchorea kitu changu cha kwaheri, juu ya kitambaa alichokishika yeye." Alikuwa akikisokota kile kitambaa cha kufutia. "Niliipaka nyeupe harakaharaka. Sikuitazama. Sikuweza."

Picha yake ilikuwa pale mbele yao: ngazi ya mlangoni, mchanga kidogo, na ndala mbili za binti zimeachwa ubavuubavu. Ilikuwa nzuri, nyepesi, na Fundi aliichukia kwa muda wa pumzi moja. Kisha hakuwa na wa kumchukia, maana aliyegeuza ni yeye.

"Mimi sikuitazama pia," alisema. "Basi niambieni alikuwaje humo. Ninyi mlimwona kila siku."

Walijaribu kueleza, wakashindwa, wakachukua karatasi. Watu wale walijua kusema kwa mikono tu. Kamera alichora kidoti chini ya sikio, kovu la nyusi, na kofia ya karatasi ya mfuko wa saruji, kama zile Fundi anazokunja akiwa kazini.

"Alijichora na kofia yangu?"

"Ndiyo, mzee. Imekaa upande."

Bi Nukta alitoa vitone vya kijani na chungwa, akisema shavuni kulikuwa na rangi hizo, wallahi, na usoni zilikaa sawa kabisa. Mzee Maji alipaka uso mwepesi, mwanga ukiuingia kutoka kushoto, akaishia hapo, akajifuta macho. Karatasi tatu zikalala mezani. Fundi akaziangalia kwa muda mrefu. Walikuwa wasichana watatu, wote wazuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanawe.

Aliinuka akaenda kwenye picha ya ndala, akaipapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa ukuta kabla ya kupokea kazi kwa fundi mwingine.

"Hukupiga msasa kabla ya kupaka nyeupe, mzee wangu?"

"Mikono hii, ndugu yangu? Itapata wapi nguvu?"

"Fungeni madirisha."

Walifunga. Fundi aliwasha tochi ya simu, akaibandika pembeni kabisa mwa turubai ili mwanga upite juu juu, maana plasta yenye kasoro hujificha ukiimulika usoni na hujisema ukiimulika ubavuni. Ndala zikafifia. Chini yake vikainuka vivuli: ukingo wa kofia, umekaa upande. Sikio. Taya. Shavu, kisu kimepita mara tatu kwa nguvu. Midomo iliyobanwa kama inazuia kicheko.

"Mama," alisema Fundi.

Alisogeza tochi juu, akairudisha chini, akaileta kutoka upande wa pili. Palipotakiwa kuwa na macho palikuwa laini.

"Macho aliyachora kwa brashi," Bi Nukta alisema taratibu. "Alisema kisu kinayaumiza."

Mzee Maji alikuwa analia waziwazi sasa. "Nitaikwangua yangu. Kidogo kidogo, hata ikichukua mwaka."

"Rangi ni ya aina moja, mzee wangu. Ukiivuta yako, na yake inakuja. Iache."

"Utaichukua nyumbani?"

"Maonyesho yakiisha. Si alitaka iangaliwe?"

Waliitundika katikati ya ukuta ambao Fundi alisimama kuupaka huku ameipa mgongo. Wageni wakaja, wakaingia na mchanga kwenye viatu, wakasifu, wakauliza ndala zile ni za nani. Mzee mmoja alikuwa amesimama ubavuni kabisa mwa picha, shavu karibu liguse fremu, tochi ya simu inawaka mchana kweupe, na mkono mmoja ukichoka aliihamishia mwingine.

"Mzee, umepoteza nini?" mama mmoja alimwuliza kwa upole.

"Nakagua plasta tu, mwanangu," Fundi alisema, na hakuzima tochi.